Namna ya Kutazama Dokumentari na Shemeji Mbishi

Mahitaji: luninga moja, au simu ambayo kioo chake hakijapasuka sana, chupa ya chai, karatasi na kalamu, na shemeji mmoja mbishi. Ukikosa shemeji, azima wa jirani. Bila yeye kazi haifanyiki, kwa sababu anayetazama dokumentari peke yake hukubali kila anachoonyeshwa, na kukubali kila kitu ni kulala macho wazi.

Haya nimeyapata kwa miaka mingi ya kubishana sebuleni, hapa Mwanza, mji uliowahi kuingia ndani ya dokumentari mashuhuri na ambao hadi leo haujamaliza kuibishania. Mtu anakwambia, "Nimeona kwa macho yangu," kumbe ameona kwenye kioo. Kwenye kioo tunaona kwa macho ya aliyeshika kamera, tena baada ya mwingine kukaa miezi chumbani akikata na kuunga. Maoni ya mtazamaji yana uzito kuliko mwenyewe anavyodhani. Yamefungua magereza, yamerusha mawe uwanjani, yamewafanya marais wahutubie taifa. Ndiyo maana nataka yatolewe na mtu aliyeifanya kazi yake.

Anza na mambo ya kukaa. Rimoti ashike asiyeijua filamu. Aliyekwisha kuiona mpe kazi ya kumimina chai, na kila atakapofungua mdomo aseme "subiri uone hapa mbele," mpe andazi. Maandazi sita yanatosha filamu ya saa moja na nusu.

Filamu ikianza, fumba macho. Dakika mbili tu, usikilize. Utasikia muziki unakwambia uogope kabla hujaonyeshwa cha kuogopa. Utasikia na miguu ya mnyama ikisaga theluji, kras, kras, kama vile kipaza sauti kilifungwa kwenye kwato zake. Hakikufungwa. Kamera ilikuwa mbali, mara nyingi mamia ya mita, na upepo ukivuma. Hatua zile zimetengenezwa studioni, na njia iliyozoeleka kwa theluji ni mtu kuminya kifuko cha wanga wa mahindi mbele ya kipaza sauti huku macho yake yakifuata picha. Mimi sioni kosa kubwa hapo. Ila ukishajua kwamba sauti ile ni ya wanga, utamsikiliza msimulizi kwa sikio jingine.

Halafu geuza: fumbua macho, zima sauti, uone picha ilivyo kabla sauti haijakwambia uielewe vipi. Mwaka 2005 Mfaransa Luc Jacquet alitoa filamu ya pengwini wa Antaktika, wale wanaotembea safari ndefu juu ya barafu kwenda kutaga na kulea. Katika toleo la Kifaransa waigizaji wanawasemea ndege: baba anasema mimi, mama anasema mimi, kinda anasema mimi. Katika toleo la Kiingereza lililotolewa Marekani, sauti ni moja, ya Morgan Freeman, anasimulia kama babu aliyekaa pembeni ya moto, na muziki nao ulibadilishwa. Ndege ni wale wale, barafu ile ile. Mtazamaji wa Paris alitoka ukumbini akiwa ameisikia familia ikizungumza. Wa Chicago alitoka akiwa amesimuliwa habari za ndege. Hao wawili wakikutana, wanabishana juu ya sauti mbili tofauti huku kila mmoja akidhani wanabishana juu ya pengwini.

Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2006. Kati ya zilizoshindwa usiku ule, moja ilipigwa kwetu.

Hapa chukua karatasi yako, uipige mistari upate safu tatu. Ya kwanza andika NIMEONA. Ya pili, NIMEAMBIWA. Ya tatu, NIMEUNGANISHA MWENYEWE. Karatasi hii ndiyo roho ya mwongozo mzima. Ukisahau yote mengine, usisahau karatasi.

Filamu hiyo iliyopigwa kwetu ni Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, kazi ya Hubert Sauper wa Austria. Inahusu sangara. Samaki huyo hakuwa wa ziwa letu. Aliletwa Ziwa Victoria wakati wa ukoloni, miaka ya 1950 na kuendelea, akala furu na samaki wengine wadogo mpaka aina nyingi zikapotea, akanenepa, akawa biashara. Kiwandani wanamtoa minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, ndiyo mapanki. Ndani ya filamu kuna ndege kubwa za mizigo za Ilyushin zinatua na kuruka. Kuna marubani kutoka nchi zilizokuwa za Kisovieti, na wasichana wanaokaa nao. Kuna watoto wa mtaani wanaogombea chungu cha wali. Kuna mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu. Kuna mwanamke amesimama kwenye tope kati ya vichanja vya mapanki, na funza.

Mara ya kwanza kuitazama na shemeji, tulifika nusu saa tu tukawa tumesimama wote wawili. Mimi nilikuwa nasema, "Huu ni ukweli." Yeye alikuwa anasema, "Huu ni uongo." Mke wangu akatuuliza swali moja, ukweli gani na uongo gani, tukakosa jibu. Siku ile ndipo karatasi ilipozaliwa.

Tukarudia tangu mwanzo, tukiandika. Safu ya kwanza ilijaa haraka: ndege, mapanki, tope, wali, mishale. Hakuna wa kuyakana. Safu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mlinzi anasema vita vingekuja yeye angefurahi, kwa sababu jeshini kuna mshahara. Hilo tumeambiwa, na aliyetuambia ni yeye, juu ya maisha yake mwenyewe. Kisha, karibu na mwisho, rubani mmoja anafungua moyo. Anasimulia kwamba alipata kupeleka Angola mitambo mikubwa mfano wa vifaru, halafu akapitia Johannesburg kubeba zabibu za kupeleka Ulaya. Unaona uchungu wake usoni, na mimi kila nikifika hapo koo linakaza. Lakini shika kalamu. Amesema Angola. Amesema zabibu. Hakusema Mwanza, hakusema sangara.

Sasa tazama safu ya tatu. Tuliandika, mimi na shemeji kwa mkono mmoja: "Ndege zinaleta bunduki Mwanza, zinaondoka na samaki." Sentensi hii ndiyo watazamaji wengi walitoka nayo kumbini, wakaipeleka nyumbani kama kitu walichokiona. Filamu inauliza swali hilo mara nyingi, kwa marubani, kwa watu wa mjini, na inapanga picha zake kwa namna ambayo jibu linajipika lenyewe kichwani mwako. Huo ni ustadi mkubwa. Pia ndiyo sehemu ambayo mtazamaji anapaswa kujua kwamba mpishi ni yeye.

Serikali nayo ilitazama bila karatasi. Katikati ya mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilalamikia filamu hadharani, kwamba imeichafua nchi na kuhatarisha biashara ya samaki. Bungeni ikasemwa, Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon akaandika kwamba mtengenezaji alitungatunga mambo. Sauper akamshitaki, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa ushindi. Kelele zote hizo zilikuwa za safu ya tatu: bunduki zilikuja au hazikuja, heshima ya nchi imeguswa au haikuguswa. Safu ya kwanza ikabaki peke yake. Yule mama wa kwenye tope hakuna aliyembishania. Nami nasema wazi kwamba hapo ndipo wakubwa wetu walipokosea. Filamu iliwaonyesha watoto wanaogombea wali, wao wakajibu habari za jina la nchi.

Mtengenezaji naye nina neno naye. Mwanza yake haina siku ya kawaida. Hakuna harusi, hakuna mwalimu anayesahihisha madaftari, hakuna soko la Mwaloni asubuhi magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda Kongo na kina mama wakipiga hesabu kichwani haraka kuliko mashine. Kwake hakuna anayecheka isipokuwa amelewa. Mji wa namna hiyo haupo popote duniani.

Shemeji ndiye aliyeongeza safu ya nne. Alinyang'anya kalamu akaandika: HAWAKUONYESHA. Yeye aliwahi kuwa mkata minofu kiwandani, miaka kadhaa, na mambo aliyoandika mimi nisingeyajua hata ningeitazama filamu mara hamsini. Aliandika mabondo, yaani vibofu vya hewa vya ndani ya sangara, yanayopelekwa China, ambayo kwa kilo yana thamani kuliko minofu yenyewe. Aliandika vidole kufa ganzi kwa barafu, hadi jioni hawezi kufunga vifungo vya shati la mwanawe. Aliandika ada ya shule ya wadogo zake wawili. Vidole vinaikubali filamu, ada inaikataa, na vyote vimeandikwa kwa mkono wa mtu mmoja kwenye safu moja. Tangu siku hiyo anayeniambia kwamba watu wa Mwanza "wanaipenda" au "wanaichukia" filamu ile namwomba anitajie mtu yupi, tena safu ipi.

Filamu za wanyama zina kanuni yake fupi: mtafute binadamu. Mwaka 1958 kampuni ya Disney ilitoa White Wilderness, ndani yake panya wadogo wa nchi za baridi, lemingi, wanajirusha kwenye maji kwa wingi kana kwamba wamekubaliana kufa. Ikapewa Oscar. Miaka ya 1980 waandishi wa televisheni ya Kanada walifuatilia, wakakuta picha zile zilipigwa Alberta, mahali ambapo lemingi wa aina ile hawaishi na bahari haipo. Walinunuliwa, wakaletwa, wakasukumwa mtoni. Watu wazima wenye elimu zao bado wanakwambia lemingi hujiua. Binadamu alikuwepo kwenye picha ile tangu mwanzo, amesimama nyuma tu ya ukingo wa kioo, mikono yake ikisukuma.

Serengeti ni habari nyingine, na kwangu inauma zaidi. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja kutoka Ujerumani wakaruka na ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama kutoka angani. Januari 1959 ndege ikagongana na tumbusi, Michael akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake alikuja kuzikwa hapo hapo pembeni yake. Filamu yao, ambayo jina lake linasema Serengeti haipaswi kufa, ilitoka mwaka huo, nayo ikapata Oscar. Nimesimama kwenye kaburi lile na ninaamini mapenzi yao kwa wanyama yalikuwa ya kweli. Mwaka ule ule Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walihamishwa na serikali ya kikoloni. Dunia nzima ikajifunza kuiona Serengeti kama nchi isiyo na mtu, na hadi leo ukifungua makala yoyote ya nyumbu wanaovuka Mto Mara, utaona mamba, utaona vumbi, hutaona mtu, hata msururu wa magari ya watalii ulioegeshwa ukingoni. Muulize shemeji: "Watu wa hapa wako wapi?" Akijibu, "Hawapo," mwambie aandike safu ya nne.

Lakini usiende mbali mno upande wa pili, ukawa wa kupiga kelele "wanaigiza hao!" kila uonapo picha iliyopangwa. Mwaka 1988 Mmarekani Errol Morris alitoa The Thin Blue Line, juu ya Randall Dale Adams aliyefungwa kwa mauaji ya polisi wa Dallas. Filamu imejaa maigizo. Tukio la usiku ule linaigizwa tena na tena, kila mara kwa namna shahidi mwingine alivyosimulia, hadi mtazamaji mwenyewe anaona hadithi hazikai pamoja. Mwaka uliofuata Adams alitoka gerezani. Kuigiza kulimsaidia mtazamaji kuona, kwa sababu mtengenezaji hakuficha kwamba anaigiza. Kaa na mfano huu unapokunywa kikombe cha pili.

Nimebakiza jambo lililonifanya niandike yote haya. Kabla hujatoa maoni, jiulize watu walio ndani ya filamu wangekaa sebuleni mwako, wangeitazamaje.

Machi 2012 shirika moja la Marekani liliweka mtandaoni filamu ya dakika 30 kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, na ndani ya wiki moja ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Ndani yake Mmarekani anamweleza mwanawe mdogo Kony ni nani, kisha watazamaji wanahimizwa wabandike mabango na kuvaa bangili ili Kony awe mtu maarufu, na kwa umaarufu huo akamatwe. Vijana wa nchi za mbali walilia mbele ya simu zao, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Mwezi ule ule filamu ikapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, ikaonyeshwa uwanjani usiku kwenye turubai. Lira iko karibu na Barlonyo, ambako Februari 2004 waasi wa Kony waliua mamia ya watu kambini. Wakaja maelfu, wengine wenye makovu, wengine wamefiwa na wana. Walitarajia kujiona. Wakaona Wamarekani, wakaona mtoto wa Kimarekani, wakaona sura ya muuaji wao ikichapishwa kwenye mabango kama ya mwanamuziki, katika nchi ambayo waasi walikuwa wamekwisha kuihama miaka kadhaa. Ghadhabu ikapanda, mawe yakarushwa, watu wakatawanyika.

Mimi yale ya Lira nayahesabu kuwa maoni bora kuliko mamilioni ya vidole gumba. Walitazama mpaka wakajua wasichokiona, ambacho ni wao wenyewe.

Nasi tunaojua Kiswahili tuna dhamana hapa. Filamu nyingi zinapigwa kwetu, na maandishi ya chini ya kioo yanatafsiri anayesemeshwa tu. Mama nyuma anayemwambia mwenzake, "Mjibu hivyo hivyo aondoke," hatafsiriwi. Mtoto anayenong'ona, "Hela yetu watatoa saa ngapi?" hatafsiriwi. Wewe umesikia. Ongeza sauti, rudisha nyuma, andika, kisha uwaambie wasiosikia. Mwaka 2019 Maia Lekow na Chris King walitoa The Letter, filamu ya Pwani ya Kenya ambamo kijana anarudi kwao baada ya kusikia bibi yake anaitwa mchawi. Itazame na mtu aliyekulia huko, umwache aseme yeye kwanza nani katika familia ile anamwogopa nani. Wewe mgeni utafika mwisho ndipo ushtuke.

Wiki iliyopita nilimwita tena shemeji tuitazame ile ya sangara. Mke wangu alikaa na rimoti. Safari hii tulifika hadi kwenye vichanja bila mtu kusimama. Mapanki yananing'inia kwenye jua kali, miba imesimama kama nywele za vijana wa mjini, inzi wametanda, na mimi nikawa nimeshaanza kusema habari za haki na Ulaya.

"Shemeji, ngoja," akasema. "Dada, rudisha nyuma kidogo. Simamisha hapo."

Akasogea hadi kwenye kioo, akaweka kidole kwenye panki moja, la tatu kutoka kushoto, chini kidogo ya kichwa.

"Unaona nyama hii iliyobaki begani? Msimamizi akiiona hii anakukata hela, maana ni minofu imepotea. Kisu hakikukosea. Huyu aliiacha makusudi." Akanyamaza, akipitisha kidole kwenye jingine, na jingine. "Alijua mapanki yanakwenda kuliwa na nani."

Mke wangu hakubonyeza rimoti. Picha ikabaki imesimama mpaka chai ikapoa.